Nani Atamwinua Mzee Othieno

Busia, upande wa Kenya
11 Februari 2024

Kwa wifi yangu Selpher,

Salamu zikufikie wewe na watoto. Huku tuko wazima. Mume wangu Chrispinus anakohoa kwa sababu ya vumbi la barabara wanayochimba mbele ya duka, lakini chakula anakula. Mitumba inakwenda polepole, watu wakishamaliza Krismasi hawataki kuona nguo. Nisalimie Cate, na John Paul pia, kama ameacha kuuma watu.

Nakuandikia barua kama mtu wa zamani kwa sababu umenifungia simu. Usiniambie imeharibika. Kaka yangu Opendi akikupigia inaingia, mimi nikipiga inalia mara moja inakata. Sawa tu. Omaido anapeleka samaki Kirewa kila wiki na pikipiki yake, atanibebea. Naandika Kiswahili maana Kisamia chako kinanishinda, na Dhopadhola yako wewe inachekesha mpaka kuku. Mungu ana mchezo. Msamia wa Kenya akaolewa kwetu Kirewa, Uganda, mimi wa Kirewa nikaolewa kwenu, na kila mmoja anakaa kwa mwenzake kuharibu.

Sasa nisikilize. Nilichokiona Jumamosi ile nilipokuja kutembea bado kiko machoni mwangu. Najua baba alianguka bafuni. Najua alikuwa peke yake. Lakini wewe, mke wa mwanawe, kumkuta mzee uchi na kumzungushia mikono, ukamwinua kifua kwa kifua! Banange! Kwetu mke wa mwana hakalii hata kitanda cha baba mkwe, hapiti hata mlango wa chumba chake, na wewe unamkumbatia! Nilipiga kelele, ndiyo, majirani wakaja, na nitapiga tena. Hata mama yake Chrispinus ni Msamia kama wewe, na akimwona mkwewe njiani anaingia kichakani. Kwa hiyo usiniambie kwenu hakuna.

Opendi yuko barabarani na lori lake, leo Malaba kesho Juba, hiyo nyumba ni yako kuiangalia. Mzee anayumba, mtoto anatambaa, wote wawili wanatafuta mahali pa kufia. Mafuta ya taa yapande juu, na ile chupa ya soda unayoyatilia uitupe, mtoto atadhani ni soda. Sumu ya panya itoke kabisa. Dawa za presha za baba uzifungie, zile nyekundu zinafanana na peremende. Jumamosi wazee wakija kunywa pombe yao ya kongo kwenye chungu, lile birika la maji ya moto lisikae chini karibu na mirija yao, John Paul atalivuta. Kisima kipate kifuniko. Funga kamba kutoka mlango wa baba mpaka bafuni na chooni, aifuate kwa mkono. Na lile bafu lenu la mawe linanitia aibu. Natuma fundi aweke saruji laini, nyekundu, ya kung'aa, kama la watu.

Fanya hayo yote. Lakini mikono yako isimguse baba tena. Akianguka, ita wanaume.

Wifi yako mkubwa,
Athieno


Kirewa
3 Machi 2024

Wifi Athieno,

Nakusalimu kwa sauti ya chini, majirani wasije tena. Sisi hatujambo. Tunangoja mvua tupande mahindi. Cate ameanza shule ya watoto na anarudi kutufundisha sote kukaa kimya. John Paul amemuuma katekista. Mzee ni mzima, ila presha inapanda ukitajwa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natekeleza amri zako. Mafuta ya taa yako juu ya kabati. Sumu nimeifukia. Dawa nimezifungia kwenye sanduku langu la harusi, ambalo sikuwa na kingine cha kutia humo. Kisima kina kifuniko cha mbao na jiwe juu yake, hata mimi kukifungua nahema. Birika la wazee nimeliweka juu ya benchi, na wamelalamika kwamba sasa inabidi wasimame kuongeza maji kwenye kongo. Nikawaambia hayo ni mazoezi.

Kamba nimefunga. Siku ya kwanza mzee aliniuliza kama ameshakuwa mbuzi. Siku ya pili alikwenda chooni peke yake, akarudi peke yake, akaniambia kwa Dhopadhola ya polepole, ile anayonisemesha mimi ili nielewe, kwamba hii kamba ni kitu kizuri. Sasa John Paul naye anaishika anajifunzia kutembea. Asubuhi wanakutana katikati, mmoja anakwenda, mwingine anarudi, hakuna anayetaka kumpisha mwenzake. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Fundi wako alikuja. Amesugua sakafu ya bafu mpaka Cate anajiangalia meno humo. Nilimwambia aipitishie ufagio kabla haijakauka, iwe na mikwaruzo, akasema mama wa Busia anataka laini. Wifi, ikipata sabuni inateleza. Yale mawe yalikuwa mabaya kwa macho lakini yalishika mguu. Nimekuambia.

Sasa hilo la mikono. Siku ile ulikuwa umesimama hapo hapo. Wewe ni binti yake, unaruhusiwa kumshika kuliko mtu yeyote kwenye boma hili, na mikono yako ulikuwa umeiweka kichwani unapiga mayowe. Mzee alikuwa amejing'ata ulimi, damu inatoka, anatetemeka. Mimi sikukumbuka ukwe. Nilidhani anakufa. Nimekaa na mzee huyu tangu mama yenu azikwe, ananiita mwanangu, akikosa kuniona jikoni anauliza. Nampenda. Kama na hilo lina faini, niambie.

Lakini nimesikia. Hutaki nimshike, basi njoo umshike wewe. Kutoka Busia ni safari ya asubuhi moja tu, unaijua njia. Njoo ukae, umwogeshe, umkate kucha, mimi nitakupikia. Au uongee na Opendi watafute mwanamume wa kukaa naye. Mtu anayeanguka hangoji mwanamume arudi kutoka shambani.

Selpher


Busia
24 Machi 2024

Wifi,

Nimepokea barua yako na majivuno yake. Asante kwa salamu. Huku kunanyesha tayari. Chrispinus amepona kikohozi, sasa ni mgongo. Nimepata mzigo mzuri wa nguo za watoto, nimemchagulia Cate gauni, liko kwa Omaido pamoja na barua hii. Usimpe nguo hiyo avae shambani.

Kuja sasa siwezi. Usiniulize kwa nini. Mtu mwenye duka hawezi kuamka tu aondoke kama mtu asiye na kazi. Nikipata nafasi nitakuja.

Kuhusu sakafu, wewe unapenda mawe kwa sababu ndiyo uliyoyazoea. Nimemtumia baba kiti cha plastiki, kile cheupe chenye mikono. Akae juu yake akioga, hawezi kuanguka mtu aliyekaa. Hapo umekosa la kusema.

Na kwa kuwa nilikuonya kwa upole ukanijibu kwa mdomo mrefu, nimewapigia wazee wa ukoo. Nimewaeleza nilichokiona. Watakuja hapo nyumbani kuongea nawe. Wapikie vizuri.

Athieno


Kirewa
21 Aprili 2024

Kwa Athieno,

Hatujambo. Mahindi yamefika magotini. Gauni la Cate limemtosha. John Paul anatembea, ameanguka mara nyingi na kila mara anatazama kama kuna anayemwona ndipo alie. Kiti kimefika.

Wazee wako walikuja. Niliwapikia kuku, wakala, wakanawa, halafu wakaniambia nikae chini uani. Si kwenye mkeka. Chini. Watoto wangu walikuwepo, Cate alikuwa amevaa gauni lako. Wakaniuliza nilimshika wapi baba mkwe. Nikasema nilimwinua. Wakauliza, ulimshika wapi, taja. Nikataja. Wakauliza alikuwa amevaa nini. Mmoja akacheka. Wakaniuliza kama nimemshika siku nyingine ambazo binti yake hakuona. Wifi, wewe ulifikiria watakuwa wanafikiria nini, ulipowapigia ile simu? Ulijua. Nakuambia ulijua.

Mzee alisikia. Akatoka chumbani akiwa ameshika kamba, anaburuta mguu, akawaambia waende kwao, hii ni nyumba yake na huyu ni mwanawe. Wakamjibu kwa adabu kabisa kwamba mzee, ugonjwa umekuharibu akili, rudi ukapumzike. Mzee Othieno, ambaye alikuwa anawaamulia kesi zao za mipaka! Alisimama pale, akageuka na kamba yake. Jioni alikataa uji.

Wakanitoza jogoo mweupe, na nikaapa mbele yao kwamba mikono yangu haitamgusa tena, awe mzima au mgonjwa. Nimeapa, Athieno. Umeshinda, furahi. Mimi kiapo siyo kitu cha kuchezea.

Kuna jambo Omaido amelisema. Anasema Chrispinus alikuambia ukienda Uganda kuuguza watu wenu usirudi, kuna mwanamke mwingine anaweza kukaa dukani. Sijui kama ni kweli. Hukuandika.

Selpher


Busia
12 Mei 2024

Wifi yangu Selpher,

Nawasalimu wote kwa furaha. Hapo sasa umekuwa mke wa ukoo! Wazee wameniambia ulikaa vizuri, ukajibu kwa heshima, wameridhika. Mambo mengine yalikuwa maneno tu, yamekwisha, usiyaweke moyoni. Hata mimi nilipoolewa huku walinifanyia yao na sikufa.

Mambo ya ndani ya nyumba yangu usiyatie mdomoni. Omaido auze samaki.

Mvua ni nyingi, angalia maji yasisimame bafuni, John Paul asije akatumbukiza uso. Watoto wadogo wanazama hata kwenye beseni. Baba anakitumiaje kiti? Hujaniambia kama amekipenda. Natuma pia sabuni nzuri ya povu jingi, na viatu vya mpira kwa John Paul.

Andika basi. Wiki iliyopita Omaido alirudi mikono mitupu, akasema ulimwangalia tu ukaingia ndani.

Athieno


Kirewa
9 Juni 2024

Kwa Athieno,

Watoto hawajambo. Mahindi yamebeba.

Baba ameanguka. Nakuandikia jinsi ilivyokuwa, kwa sababu nataka uijue yote, usihadithiwe na mtu.

Ilikuwa Alhamisi. Wanaume wote wa hapa walikuwa wamekwenda mazishini Bulumbi, mpaka Imalingat jirani yetu, hata mapadri, nadhani. Mzee akaenda kuoga kwa kufuata kamba. Akakalia kiti chako. Ile sabuni yako ina povu kweli. Kiti kikateleza juu ya sakafu yako, nikasikia mlio, kisha maji, kisha yeye.

Nilitoka jikoni mbio mpaka mlangoni pa bafu nikasimama. Mlango wetu ni gunia. Katikati yangu na baba palikuwa na gunia tu. Aliita jina la mama yenu. Akaita jina lako. Nikamwambia, baba, Athieno yuko Busia. Akasema, Selpher, ingia. Nikamwambia, baba, nimeapa. Akasema, "Heshima hiyo ni yangu, si yao. Mimi ndiye mkwe, mimi nimekuachilia. Ingia uniinue, mwanangu." Nikamjibu, "Athieno amekataza, baba."

Akalia. Mzee mzima, kwa sauti.

Nikamtuma Cate. Mtoto hakatazwi mwili wa babu yake. Nikampa leso aingie amfunike, amshike kichwa kisilale kwenye maji. Akakaa naye humo. Akawa ananiambia kupitia gunia, mama, babu anatetemeka. Mama, babu amejikojolea. Mama, mguu wa babu umeangalia upande. Mimi nilikuwa nje na John Paul mgongoni, naita barabarani, nani anajibu? Ni wanawake wanaopita, wake wa wana wa ukoo kama mimi, wakisikia ni mzee Othieno yuko uchi wanafunika mdomo wanaendelea na safari zao. Jua lilipanda, likatuchoma. Imalingat ndiye aliyerudi wa kwanza, amelewa kidogo, akaingia akamtoa.

Hospitali wamesema nyonga imevunjika, na kwa umri wake hawagusi. Tumerudi naye. Amelala.

Nataka ulijue na hili. Ningeweza kuingia. Nguvu nilikuwa nazo, wazee hawakuwepo, gunia si ukuta. Nilisimama pale kwa sababu kila nikitaka kuinua mkono namwona yule mzee wako akicheka, na hasira ikanishika miguu. Nilikuwa nakukomesha wewe na aliyeumia ni baba. Hilo ni langu na mzee, wewe sikuombi msamaha.

Selpher


Busia
14 Juni 2024

Selpher,

Sina salamu. Wewe ni mnyama. Hata mbwa anaingia. Mtu anakuita mwanangu, anakuomba, na wewe unasimama nje na kutaja jina langu! Umelitaja jina langu ili alisikie akiwa kwenye maji! Nani alikuambia ufuate neno kwa neno hivyo? Kuna siku za desturi na kuna siku za kufa na kupona, hata mtoto mdogo anajua! Ungeingia tu! Ungeingia, mimi ningejua wapi?

Nimelia siku nzima, Chrispinus amekasirika duka limefungwa.

Sasa hali imebadilika. Nimeongea na wazee, wamesema kwa mtu aliyevunjika kitandani ruhusa ipo, utatoa kuku mwingine tu. Kwa hiyo mwogeshe. Mgeuze asubuhi na jioni asipate vidonda. Mlishe wewe mwenyewe, usimwachie Cate. Mimi nakuruhusu, na nimekusamehe.

Kuja siwezi, nimekwisha kukuambia. Usiniulize.

Athieno


Kirewa
30 Juni 2024

Wifi mpendwa,

Habari za Busia? Barua hii hakuileta Omaido. Ameileta baba mwenyewe. Ukitoka nje sasa hivi utamwona, yuko kwenye lori la Opendi, nyuma, juu ya godoro. Usisimame sana kusoma, jua ni kali na amesafiri na njaa.

Opendi alikuja juzi. Nilimwambia achague, baba aende kwa binti yake anayeruhusiwa kumshika, au mimi niende kwetu Samia na watoto. Aliniambia haya ni mambo ya wanawake, tuelewane. Nikaanza kufunga nguo za John Paul, akaenda kuwasha lori. Kaka yako ni mtu mwepesi akijua mtu hachezi.

Unaniruhusu, wifi? Juzi nilikuwa najisi, leo nimekuwa safi kwa sababu kuna kinyesi cha kufua? Mkono wangu si bomba, uufungue na kuufunga ukiwa Busia.

Dawa zake ziko kwenye mfuko wa buluu. Anameza na uji, chai inamtapisha. Ana kidonda upande wa kushoto, mlaze wa kulia. Akikosa usingizi anataka kusemeshwa, habari yoyote tu, hata bei ya nguo.

Najua mzee hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake. Utajua mwenyewe pa kumlaza. Mwenye kujua desturi hapa ni wewe.

Alipokuwa anapandishwa nilisimama mbali. Alinitafuta kwa macho, nikamwangalia. Nimelia baadaye.

Selpher


Busia
18 Julai 2024

Wifi Selpher,

Nakusalimu. Nisalimie watoto. Sijui mahindi yako yamefikia wapi.

Chrispinus hakufungua geti. Alisimama ndani akasema mkwe halali kwake, atakufa mtu, na hapo alisema kweli. Opendi alikuwa na mzigo wa kuwahi mpakani. Tukamshusha baba nyuma ya duka, kwenye stoo, katikati ya marobota ya mitumba. Ndipo alipo. Hakuna dirisha. Namlaza upande wa kulia kama ulivyosema.

Uliyoyasikia kwa Omaido ni kweli. Huyo mwanamke amekuja, anaitwa Resty, anakaa dukani mbele wakati mimi niko nyuma na baba. Anauza vizuri. Sasa umejua, cheka.

Siku nyingine naweza, siku nyingine siwezi. Juzi alitaka kuketi, nikamvuta, tukaanguka wote wawili katikati ya kitanda na marobota. Nikamwita Chrispinus. Alikuja mpaka mlangoni, akamwona baba hana nguo, akageuza uso. Akasema, "Huyo ni mkwe wangu, siwezi." Mikono mfukoni. Nilimwita jina lake, nikamwomba kwa Mungu wake na wa mama yake. Akaniambia niite mwanamume wa mtaani. Nani ananijua mimi mtaani hapa? Tulikaa sakafuni, baba ameegemea tumbo langu, ananiuliza kosa lake ni nini. Mbeba mizigo mmoja alikuja kuchukua robota jioni, ndiye aliyetutoa.

Kesho itatokea tena. Naogopa, Selpher. Kila asubuhi naogopa kufungua ile stoo.

Wewe ni mdogo kuliko mimi, hata begani hunifikii, na siku ile ulimwinua peke yako. Nilikuwepo lakini nilikuwa napiga kelele, sikuangalia. Niambie ulimshikaje. Ulimshika kwapani au kiunoni? Ulipiga goti? Nijibu hata kwa mistari miwili. Nimemwambia Omaido angoje hapo hapo mlangoni mpaka uandike.

Athieno


Kirewa
4 Agosti 2024

Wifi Athieno,

Sisi hatujambo. Tumevuna, si haba. Cate amekuwa wa kwanza darasani na hataki tena kuingia bafuni, namwogeshea uani. Anauliza babu anarudi lini. John Paul sasa anakimbia.

Siku ile Omaido alingoja sana. Niliandika barua nyingine nikaichana. Ilikuwa ya kukucheka, na nilikuwa nimeiandika vizuri. Halafu nikaikumbuka ile stoo, na mzee hapendi giza, nikaona hapana.

Umeuliza, nakujibu. Nilipiga goti la kulia karibu na kiuno chake. Nikapitisha mikono chini ya makwapa mpaka vidole vikakutana mgongoni. Nikamwambia aweke kidevu begani kwangu, avute miguu karibu, akanyage chini. Tukavuta pumzi pamoja. Halafu yeye akasukuma kwa miguu. Kila mtu aliona mimi ndiye niliyemwinua, hata wewe, lakini sina nguvu hizo, ninazipata wapi? Mzee alijiinua mwenyewe. Mimi nilimshika tu asirudi chini.

Sasa hana mguu wa kusukumia. Ukijaribu hivyo utamvunja na upande wa pili. Njia ile haimfai tena, wifi, na nyingine mimi siijui.

Selpher